Keria, turubai, mikanda: tafuta namba ya HS kabla mzigo haujafika bandari ya Mtwara

Shikamooni wakubwa, mambo vijana. Leo niko Mtwara mjini. Hapa mezani nimepanga vitu anavyoagiza mtu mwenye pikapu au Fuso ya kubebea korosho: keria ya juu ya gari, boliti, mkeka wa mpira, turubai na mikanda ya racheti, ile ya kubania mzigo. Wengi kwenye ankara huviita vyote "spea za gari", ushuru ukija tofauti wanamgombeza wakala wa forodha.

Fungua kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Humo kila bidhaa ina namba ya HS, yaani namba ya mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa: tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, zinazofuata ni za kwetu. Usianze kuwinda jina la bidhaa. Nenda Sehemu ya 17, ya vyombo vya usafiri, usome maelezo yake ya mwanzo. Watu huyaruka, na kesi nyingi huamuliwa humo. Yanataka kitu kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya magari tu, au hasa kwa magari, na kisiwe kwenye orodha ya vilivyotolewa nje ya Sehemu hiyo.

Shika keria. Imeundwa ikae juu ya gari, haina kazi nyingine. Ni 8708.29, vifaa vya bodi. Tumemaliza.

Boliti za chuma ziko kwenye ile orodha ya vilivyotolewa. Hata pakiti ikichorwa lori zima, ni 7318. Ila zikija ndani ya boksi la keria, za kuifungia, zinafuata keria: kanuni ya 2(a) ya kutafsiri namba hizi inahesabu kitu kilichofunguliwa vipande kuwa kitu kimoja.

Mkeka wa mpira laini nao umetolewa, unaenda 4016.91. Wa plastiki au wa zulia una sura yake nyingine ndani ya kitabu, kwa hiyo muulize muuzaji malighafi kabla hujalipa.

Turubai ndilo lenye mambo. Likiwa bapa, zito, la kufunika mzigo, ni 6306, na la nyuzi za sintetiki ni 6306.12. Lakini kifuniko kilichoshonwa kikafuata umbo la gari hakikai hapo, kinahamia 6307. Yaani mshono tu unakuhamisha! Kwa hiyo picha ya bidhaa ikiwa imetandazwa ni ushahidi mzuri, iombe.

Mikanda ya racheti ina kitambaa na chuma pamoja. Kwa kawaida huwekwa 6307.90, kwa kuwa mkanda ndio unaobana mzigo. Mwingine atabishana nawe, na kama shehena ni kubwa usibishane mdomoni: omba TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) uamuzi wa awali wa namba kwa maandishi, kabla ya kuagiza.

Sasa ankara. Kila kitu kipate mstari wake: jina, malighafi, kazi, idadi, bei. "Turubai bapa la poliesta, la kufunika mzigo" linamtosha ofisa. Tangu Julai 2022 ngazi za ushuru wa forodha ni asilimia 0, 10, 25 na 35, mbali na bidhaa nyeti, zenye viwango vyake. Ushuru hupigwa kwenye thamani pamoja na bima na nauli, kisha VAT ya asilimia 18 hukaa juu ya jumla hiyo na ushuru wenyewe. Ndiyo maana namba moja ikikosewa hesabu nzima inapinda.

Mpelekee wakala wa forodha mwenye leseni ankara hiyo na picha zake meli ikiwa bado njiani, mkubaliane namba kabla hajaingiza tamko kwenye mfumo.