Mboji Imelala Wapi? Mhadhara kwa Wakulima, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine mlioteremka kutoka Amani na Muheza alfajiri, poleni na safari.

Kabla sijasimama hapa mama mmoja ameniuliza: kwa nini shamba lililofyekwa msituni hukubali mahindi misimu michache, kisha hugoma? Nianze na hilo, maana mengine yote yamo humo.

Chimba shimo la mita moja ndani ya msitu wa Amani. Juu utakuta majani makavu, chini yake majani yanayooza yaliyofumwa na vizizi vyembamba, halafu udongo mweusi, laini, unaonukia uyoga. Shusha sepetu kidogo tu, rangi inageuka: wekundu hadi chini. Mvua za kule zimeuosha udongo ule miaka na miaka. Mfinyanzi mwekundu hushika virutubisho kidogo, na chuma kilichomo huing'ang'ania fosforasi, mizizi isiipate. Kinachohifadhi kalisi (kalsiamu) na potasiamu pale ni mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyooza, na mboji yenyewe iko juu. Msitu unajilisha kwa majani yake. Ukifyeka ukachoma, majivu hutoa virutubisho kwa mkupuo, mahindi yanastawi, unajisifu. Baadaye mvua ya mteremkoni inasomba kilichobaki.

Nyasi zina tabia nyingine. Sehemu kubwa ya mmea iko ardhini, na vizizi vyake hufa na kuota upya mara kwa mara, vikiacha mboji palepale vilipofia. Mwaka 2000, watafiti Esteban Jobbágy na Robert Jackson walichapisha hesabu za udongo wa sehemu nyingi duniani. Walipima kaboni, maana ndiyo inayoonyesha mboji ni kiasi gani. Katika kaboni yote ya mita moja ya kwanza, sentimita 20 za juu zilibeba asilimia 50 hivi misituni, 42 kwenye nyasi, na 33 kwenye vichaka. Vichaka, jamani! Hivyo hivyo tunavyovitia kiberiti bila kufikiri. Ila msinielewe vibaya: haya ni mafungu, si jumla. Hayasemi kichaka kina mboji nyingi kuliko msitu, yanasema imelala chini zaidi.

Fosforasi na potasiamu nazo hujazana juu, kwa kuwa mizizi huzivuta kutoka chini na majani huanguka nazo. Sodiamu mizizi haiigombei sana, basi hushuka na maji.

Sasa mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta huku mwaka 1893. Mkonge una njaa kubwa ya kalisi. Jani hukatwa likapelekwa korona, kwenye mashine ya kutoa nyuzi, na nyuzi tunazouza ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Mabaki yakimwagwa mtoni, kalisi ya shamba imekwenda nayo. Kwangu mimi huo ni ubadhirifu, yarudisheni shambani.

Mnaopeleka udongo maabara Mlingano, msichote juu juu tu. Chukueni wa sentimita 0 hadi 20 kwenye mfuko wake, na wa 20 hadi 40 kwenye mwingine, kutoka sehemu kadhaa za shamba. Karatasi ya jina iandikwe kwa penseli. Wino ukilowa, hakuna atakayejua mfuko upi ni upi.

Haya, mama, kama bado lina utata, uliza tena.