Nalipia kupanda milima kwenye mvua: nawajibu leo, sirudii

Haya jamani. Mnaviona hivi viatu? Vimekaa hapa mbele ya hita tangu jana saa kumi na moja jioni. Nimevijaza magazeti ndani, na nikibonyeza hapa… mmeona? Bado vinatoa maji. Kwa hiyo leo sitoki, na kwa kuwa sitoki, nijibu lile swali.

"Dada Mwalimu, hivi kweli wewe mtoto wa Lushoto unalipa hela ili upande mlima?"

Limekuja kwa upole, limekuja kwa kejeli, limekuja na vikatuni vya kulia kwa kucheka. Kuna kaka kaandika, "Kwetu mlima tunaupanda na gunia la kabeji kichwani na hakuna anayetupiga picha." Kaka, nilicheka peke yangu ndani ya basi, watu wakanigeukia. Na umesema kweli. Mama yangu kapanda na kabeji, mimi nimepanda na ndoo ya maji, na mpaka namaliza darasa la saba nilikuwa naamini milima ni adhabu waliyopewa Wasambaa peke yao. Kwa hiyo swali nalielewa. Ninachokataa ni kuambiwa najishaua. Nikiwaonyesha bahari, najishaua. Nikiwatajia kodi ya nyumba, "rudi nyumbani basi, nani kakushika?" Leo nitasema yote mawili, mchague mnalotaka kunitukania.

Kwa wageni: naishi Victoria, kusini kabisa mwa Kisiwa cha Vancouver, Kanada. Na tafadhali, jiji la Vancouver haliko kwenye Kisiwa cha Vancouver. Liko ng'ambo, bara. Kwenda huko ni meli, saa moja na dakika 35, na nauli yake sitaki hata kuizungumzia. Kisiwa chenyewe si kama Unguja ukadhani asubuhi unazunguka jioni umerudi. Ni kama kilomita za mraba 31,000, Unguja ingeingia humo karibu mara ishirini, na sehemu kubwa ni milima na misitu.

Mambo ya baridi naruka. Kila Mtanzania aliye nje keshawaeleza baridi mpaka mnaisikia mkiwa Tandika. Ila niseme kitu kimoja kama mwalimu wa jiografia, maana hapa hakuna anayeniita mwalimu tena. Upande huu majira ya baridi ni mvua kuliko theluji. Na mvua yenyewe ina upendeleo. Mjini kwetu hunyesha kama milimita 600 kwa mwaka. Nenda na gari saa mbili tu upande wa magharibi, Port Renfrew, ni zaidi ya 3,000. Mnakumbuka somo la kivuli cha mvua? Nilikuwa nalifundisha kwa mfano wa nyumbani: Usambara inakamata mvua yote, Mkomazi nyuma yake inabaki kavu. Basi hapa milima ya Olympic, ambayo iko ng'ambo ya mlango wa bahari upande wa Marekani, inafanya kazi hiyo hiyo na sisi ndio Mkomazi. Siku ya kwanza nilipoiona ile milima kwa macho yangu, na theluji juu, nilisimama katikati ya njia naongea peke yangu kwa Kiswahili. Wenzangu wakadhani nasali.

Sasa, kwa nini napanda na kikundi cha kulipia, kwa nini nisiende mwenyewe.

Kwanza, sina gari. Na hapa nitalalamika kidogo, mniache nilalamike. Nimeendesha Hiace ya shule barabara ya Lushoto hadi Mombo miaka minne, na ile barabara wanaoijua wanaijua, kona moja ukikosea unawasalimia watu wa Soni kupitia paa la nyumba yao. Nimefika hapa naambiwa una siku 90, baada ya hapo leseni ya kwenu haikusaidii, na kwa nchi yetu hakuna kubadilishana, unafanya mtihani. Sawa, nikafanya. Nikafeli. Sababu? Eti sikugeuza shingo kutazama nyuma ya bega kabla ya kubadili upande. Nilitumia vioo! Vioo vimewekwa vya nini? Hela ya mtihani imekwenda, ya kukodi gari la mtihani imekwenda. Mara ya pili nimegeuza shingo mpaka ikaniuma, nikapita. Leseni ninayo mkobani. Bima na gari lenyewe ndio sina.

Vyeti vya ualimu, ili nifundishe huku, sivisemi leo. Haya, nasema kidogo. Wanataka chuo kitume matokeo kwenye bahasha iliyofungwa, na muhuri juu ya gundi. Chuo changu, sikitaji, kimetuma bahasha ikafika imefunguliwa upande. Imekataliwa. Nikalipa upya huku, nikalipa upya kule, na mtu wa kufuatilia kule naye kalipwa nauli na soda. Miezi minane. Ndio maana nipo kwenye nyumba ya wazee, nageuza wagonjwa na kuwalisha uji. Ni kazi halali na siionei aibu. Kima cha chini cha mshahara mkoa huu kilipanda Juni 2025 kikawa dola 17.85 kwa saa, mimi napata zaidi kidogo, na chumba changu cha chini ya nyumba ya watu kinameza dola 1,150 kabla sijanunua hata kitunguu. Nyie mnaopiga hesabu ya dola kwa shilingi, pigeni basi na hiyo kodi.

Turudi. Njia nzuri za msituni basi za mjini hazifiki, au zinakuacha kilomita nyingi kabla. Kikundi changu kinakutana Jumapili saa mbili na nusu asubuhi, wakati wa baridi jua ndio kwanza limechomoza, kwenye maegesho ya duka la vyakula. Wenye magari wanatubeba sisi tusio nayo, tunachangia mafuta. Dola nane, kumi. Ada ya mwaka nililipa 45. Hapo ndipo penye "kulipa hela upande mlima". Dola 45 kwa mwaka, jamani. Kuna watu hapa wanakunywa kahawa ya hela hiyo kwa wiki.

Na kuna njia ambazo bila kikundi hazitembeleki vizuri. Chukulia ile ya pwani ya East Sooke. Kilomita 10 tu, utasema mbona fupi. Inachukua saa sita, saba, maana ni kupanda mwamba na kushuka, mizizi imelowa, ukanyage vibaya ukae chini bila kupenda. Inaanzia Aylard Farm, inaishia Pike Road. Ukifika mwisho gari lako liko mwanzo, utarudije? Kikundi kinaacha gari moja huku na lingine kule. Na mwezi wa 12 jua linazama saa kumi na dakika ishirini. Sio saa kumi na mbili, saa kumi! Ndani ya msitu, chini ya ile miti, hata kabla ya hapo unawasha tochi ya kichwani.

Miti yenyewe… kuna Douglas fir ambayo watu watatu mkishikana mikono hamuizunguki. Chini yake kangaga tupu, na magome yamefunikwa majani laini ya kijani kama zulia la msikitini. Halafu ukitokea kwenye miamba karibu na bahari unaukuta arbutus, gome lake jekundu linabanduka, chini yake ni laini. Niliugusa nikasema, mpera! Sio mpera, ila mkono ulikuwa umeshakwenda nyumbani.

Siku ya kwanza nilikwenda na jinzi na raba. Kiongozi, mama mmoja mstaafu, alinitazama kuanzia chini kwenda juu, hajasema kitu, akafungua buti la gari akanipa suruali ya mvua. Nilikasirika. Nilijisemea, huyu ananionaje, mimi ninatoka milimani. Saa moja baadaye jinzi iliyojitokeza pale kifundoni ilikuwa imekunywa maji mpaka gotini, nzito kama nimefungwa kopo la rangi mguuni. Pamba ikilowa haikaukii mwilini, na ukisimama kula upepo unakuvuta joto lote. Ndio maana chakula cha mchana hawakai zaidi ya dakika kumi, robo saa. Mimi nilikuwa nimepakia wali na maharage, nikatamani kuulaumu ulimwengu.

Vifaa nimenunua mitumba. Ndiyo, na huku ipo. Viatu hivi dola 18, koti la mvua 25, na jipya la aina hiyo nililiona dukani 340 nikalirudisha polepole kama nimeshika mtoto wa mtu. Fulana ya ndani ya sufu, hiyo ndiyo niliyonunua mpya. Chupa ya chai nilikuja nayo kutoka nyumbani na ndiyo inayonipa heshima: tangawizi yangu wanaijua wote.

Kuna kitu kingine ambacho sikupanga kukisema. Unapojiunga unajaza fomu kwamba ukivunjika hutamshitaki mtu. Sawa, nikatia sahihi. Chini yake kuna mstari: mtu wa kupigiwa simu kukitokea dharura. Nikaandika jina la mama, namba ya Lushoto, 255 mwanzoni. Kiongozi akaisoma, akaniuliza taratibu kama nina mtu wa karibu kidogo. Karibu wapi. Nilikuwa na miezi kumi na nne kisiwani na nilikuwa nawajua msimamizi wa zamu, mwenye nyumba, na dereva wa basi namba kumi na nne ambaye hata hajui jina langu. Nikasema ngoja nitafute. Pembeni kulikuwa na bibi mmoja wa miaka 70 na kitu, ana fimbo mbili na kofia mbaya sana ya zambarau. Akachukua kalamu mkononi mwangu akaandika namba yake. Hakunihubiria. Akanirudishia kalamu, akaendelea kufunga kamba za viatu.

Basi. Halafu kila njia panda tunasimama, kiongozi anahesabu vichwa, na nyuma kabisa kuna mzee ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho. Huwezi kubaki nyuma yake. Siku moja nilichelewa nafunga mkoba, nikafika nawakuta kumi na mmoja wamesimama kwenye mvua wananingoja mimi. Mmoja alinuna, nisiwadanganye. Ila walisimama.

Je, wananiuliza maswali ya ajabu? Wananiuliza. "Lazima baridi inakutesa, kwenu ni joto." Nimewaeleza mwezi wa 7 Lushoto tunaota moto na masweta juu, wanatingisha kichwa, Jumapili inayofuata wananiuliza tena. Nimeacha.

Mwezi wa 11 tulikwenda Goldstream, kama kilomita 16 kutoka mjini. Samoni wanarudi mtoni walikozaliwa, wanataga, wanakufa. Mto mzima umejaa, wengine wameshaanza kuoza wangali hai, mkia mweupe, bado wanapigana na maji. Tai wako juu ya miti wanasubiri. Harufu? Soko la samaki la Feri, Dar, saa nane mchana. Watu wamefunika pua, mimi nimesimama kwa furaha kabisa. Na ninawaona nyie, msinianze: "Dada, hata samaki wanarudi kwao, wewe lini?" Samaki wanarudi kwao kufa. Mimi sina haraka.

Kuhusu baba mdogo aliyeiona ile picha ya kileleni na kusema kwenye kundi la familia kwamba "ana muda wa kucheza ila ada ya mtoto hana": baba, ada nimetuma tarehe 3, risiti anayo mama mdogo, na makato ya kutuma nimelipa mimi. Picha ni bure.

Mnaouliza kama na nyie mkija mjiunge: mimi siwezi kuwaambia. Haya ni yangu, ya kisiwa hiki, na kikundi hiki cha wastaafu. Wa Toronto atawaambia mengine, wa Alberta kule kwenye baridi ya kweli atanicheka. Kuna Mkenya nilimleta mara moja, akasema hii ni kazi ya punda, hajarudi, na sasa anacheza mpira ndani ya ukumbi kwenye joto na ana marafiki kuliko mimi. Ila ukienda, usiende na jinzi.

Binamu, nimekuona umeandika mara tatu "nitumie viatu kama hivyo saizi 44". Hivi ni 40, vya kike, vina tundu upande wa kushoto, na bado vinatoa maji.