Alhambra ya Zege: Jumba la Zorayda Mjini St. Augustine

Waheshimiwa wenyeji wangu, mabibi na mabwana,

Naomba tuanze mlangoni. Juu ya mlango wa Villa Zorayda, jumba lililoko St. Augustine katika jimbo la Florida, Marekani, yameandikwa kwa Kiarabu maneno "Wala ghaliba illa Allah", yaani hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kaulimbiu ya Banu Nasri, watawala wa mwisho wa Kiislamu wa Granada, walioirudiarudia katika kuta za kasri lao la Alhambra mpaka macho yachoke, kisha mwaka 1492 wakaukabidhi mji kwa wafalme Wakatoliki wa Hispania. Mwaka 1883 kauli hiyo ya walioshindwa ikawa pambo la nyumba ya kupumzikia wakati wa baridi, mali ya Franklin Smith, mfanyabiashara Mkristo wa Boston.

Smith alikuwa ameizuru Alhambra, akadhamiria kuiiga sehemu yake moja kwa kipimo cha moja ya kumi. Ndani alijenga ua wa ghorofa mbili wenye nguzo nyembamba na matao, akaupamba kwa nakshi za plasta zilizotolewa kwenye kalibu na kutiwa rangi. Madirisha ni 40, na husemwa kwamba hayapo mawili yanayofanana. Nakiri kwamba mapambo haya hayanishughulishi sana, kwa kuwa nakala ya kasri iliyopunguzwa kiasi hicho hutueleza habari za Marekani ya karne ya 19 kuliko habari za Granada.

Ukuta ndio ulionishika. Wasikilizaji waliokulia Lamu au Unguja, katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, watauelewa upesi. Pwani ya St. Augustine ina jiwe liitwalo kokina, ambalo ni magamba ya viumbe wa baharini yaliyogandamana kwa maelfu ya miaka. Ndilo walilojengea Wahispania ngome yao ya San Marcos kuanzia mwaka 1672, na ulaini wake uliwafaa, kwa sababu risasi ya mzinga ilizama ukutani badala ya kuupasua. Smith hakulichonga jiwe hilo. Alilisaga, akalichanganya na saruji, akamimina zege hilo ndani ya kalibu za mbao tabaka baada ya tabaka, kila moja likisubiriwa likauke kabla ya kumiminwa la juu yake. Kwa hiyo lile umbo la Kiandalusi, yaani la Hispania ya Waislamu, lilisimama juu ya ufundi uliokuwa mpya kabisa katika mji huo.

Tajiri Henry Flagler aliliona jumba akataka kulinunua, Smith akakataa. Flagler hakununa, aliuchukua ufundi wenyewe, na mwaka 1888 akafungua Ponce de Leon, hoteli kubwa ya zege la kokina. Mwaka huohuo Smith naye alifungua hoteli yake, Casa Monica, lakini fedha zilimwishia na baada ya miezi michache tu akamuuzia Flagler. Sijui kama aliporudi nyumbani alikuwa bado akiyatazama yale maandishi ya mlangoni.

Mwaka 1913 jumba lilinunuliwa na Abraham Mussallem, mfanyabiashara wa mazulia ya Mashariki na vitu vya kale vya Misri, na katika miaka ya 1930 likafunguliwa kuwa makumbusho. Ndiyo maana leo mgeni hukuta humo vitu ambavyo havina nasaba yoyote na Granada. Mashuhuri zaidi ni zulia linaloelezwa kuwa lilifumwa kwa manyoya ya paka wa Misri ya kale, na kwamba atakayelikanyaga atapatwa na laana. Limetundikwa, kwa hiyo hadithi hiyo haina wa kuijaribu. Wageni hulijazania. Mimi ningewashauri wabaki kwanza nje, waukaribie ukuta, kwani ndiyo kazi ya Smith ambayo hakuiiga kutoka Alhambra.