Vizee vya Wrocław na Mwendo wa Mtoto

Wazee wangu, shikamooni. Wengine hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika 20, nami nimemwambia zinatosha. Sote wawili tunajua nimemdanganya.

Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikasema mtoto mdogo hapelekwi likizo, anafuatwa likizoni. Mkacheka, mkapiga makofi. Halafu mwezi wa nane mkaanza kunitumia picha. Mtoto wa miaka mitatu mbele ya mnara wa Eiffel, analia. Mtoto yule yule mbele ya kanisa gani sijui, analia. Kwenye mashua, kavishwa miwani ya jua ili machozi yasionekane! Shemeji yangu pale nyuma, usiiname, sijakutaja.

Basi leo nawapeleka Wrocław, Poland. Inatamkwa Vrotswaf, na kutoka hapa Berlin ni mwendo wa saa nne na ushei kwa treni. Tulikwenda Oktoba, shule zimefungwa: mimi, baba watoto, kifunguamimba wangu wa miaka 7 na kitindamimba wa miaka 4. Na mimi, huyu huyu anayewahubiria, nilikuwa na karatasi. Naam, karatasi! Saa nne asubuhi, Panorama Racławicka, ule mchoro wa vita vya mwaka 1794, mita 114 kwa urefu na 15 kwa kimo, umezungushwa duara nawe unasimama katikati yake. Saa sita, Hala Stulecia, yaani Ukumbi wa Karne. Saa nane, makumbusho. Kutoka hotelini hadi Panorama nilipiga hesabu ya dakika 25 kwa miguu.

Tulipofika Mtaa wa Świdnicka, kitindamimba akachuchumaa.

Mnakujua kuchuchumaa kwa mtoto wa miaka minne. Hakuna mzazi humu asiyekujua. Hajachoka, hana kiu, haendi chooni. Amefungua kikao.

Alichokiona ni sanamu za shaba, vizee viwili visivyofika hata gotini, na katikati yao tufe la jiwe. Wenyeji wanaviita krasnale, wale watu wafupi wa hadithini wenye kofia ndefu. Neno “vizee” ni la mwanangu, na nimetafuta jingine zuri zaidi nikalikosa. Kizee cha huku kinalisukuma jiwe kwenda kule, cha kule kinalisukuma kuja huku, jiwe haliendi popote. Mdogo akatazama weee, kisha akaenda upande mmoja, akaweka bega, akasukuma. Dada yake akaona hiyo dhuluma, wawili kwa mmoja! Akaenda kukisaidia cha upande wa pili. Dakika 20, ndugu zangu. Baba yao anatazama saa, mimi natazama karatasi, watu wanatukwepa na vigari vya watoto wao. Hatimaye mdogo akainuka, jasho linamtoka katika baridi ile, akasema, “Mama, hivi vimegombana. Kimoja kikiacha, jiwe litakwenda.”

Nikamwambia twende, tumechelewa.

Hilo ndilo jibu langu, mimi mwalimu wa chekechea! Tukaenda mbio. Panorama wanaingiza watu kwa zamu, na zamu yetu ilikuwa imepita, tukasubiri nyingine. Ilipofika, unapita kwanza kwenye ujia wenye giza ndipo utokeze penye mchoro. Mle gizani kitindamimba akapiga yowe: “Nataka kizeeee!” Nikambeba kumtoa nje. Katika zile mita 114 nimeona labda tatu. Kulikuwa na farasi.

Karatasi niliitupa kwenye pipa la takataka nje pale. Siku tatu zilizobaki tulitembea kama alivyotaka mwenye miguu mifupi. Vizee vimo mjini kwa mamia: juu ya kingo za madirisha, kwenye nguzo za taa, karibu na Ukumbi wa Jiji kuna kimoja kiko kwenye kiti cha magurudumu. Mtoto haoni jengo, anaona kilicho usawa wa macho yake, na mji ule umemwekea kitu usawa wa macho yake. Ukimfuata yeye, utayaona na majengo. Mimi uwanja wa Rynek, zile nyumba zake za rangi rangi, nimeujua pembe kwa pembe kwa sababu nimeuzunguka mara tano nikitafuta kizee.

Na msidhani ni pambo la watalii tu. Desemba 1981 serikali ya kikomunisti ilitangaza utawala wa kijeshi. Watu wakaandika ukutani maneno ya kuipinga, wakuu wa mji wakaja na rangi kuyafuta, na kila ukuta ukabaki na baka. Vijana wa Pomarańczowa Alternatywa, yaani Njia Mbadala ya Rangi ya Chungwa, na kiongozi wao Waldemar Fydrych, wakawa wanachora kizee juu ya baka. Hakuna tusi, hakuna jina la mtu, kizee tu na kofia yake. Tarehe 1 Juni 1988 maelfu waliingia mitaani Wrocław wamevaa kofia za vizee. Sasa wewe ni askari, umeshika mtu mwenye kofia nyekundu: kwenye faili unaandika kosa gani? Mwaka 2001 wakasimamisha kizee cha kwanza cha shaba pale pale Świdnicka kuwa kumbukumbu, na kuanzia 2005 ndipo mchongaji Tomasz Moczek akaleta hivi vidogo. Haya nilimweleza mkubwa tumekaa kwenye benchi, yeye mwenyewe ameuliza. Ningemweleza saa nne asubuhi kwa ratiba, angepiga miayo.

Najua mnalotaka kusema. La kwanza: “Mwalimu, nimelipa nauli, lazima nione vitu.” Basi nenda peke yako! Nauli uliyolipa haimfanyi mtoto awe na miguu mirefu.

La pili: likizo ni kwenda nyumbani kwa bibi, si Poland. Sibishani. Mimi ni mtu wa Ujiji na wanangu wanaijua Ujiji. Lakini nauli ya watu wanne kwenda Kigoma tunaipata baada ya miaka mitatu, na watoto wanakua kila mwaka. Tena ngojeni. Kule Wrocław kuna bustani ya wanyama ya tangu 1865, na ndani yake tangu 2014 kuna jengo linaitwa Afrykarium, la maji ya Afrika. Unapita kwenye ujia wa vioo, papa na samaki taa wanaogelea juu ya kichwa chako. Na humo humo kuna mahali pameandikwa Tanganyika. Ziwa langu! Wapolandi wamebandika pua kwenye kioo wakitazama samaki wadogo wa rangi wanaojificha mawe kwa mawe, nami machozi yananilengalenga. Mkubwa akanivuta koti: “Mama, dagaa wako wapi?” Nikamwonyesha mawe, nikamwambia dagaa hawakai huku, wanakaa katikati ya maji, babu yako anawavua usiku kwa taa. Tukasimama pale muda mrefu kuliko pa papa.

La tatu hamlisemi kwa sauti, nalisema mimi: watatutazama. Walitutazama, siwafichi. Bibi mmoja kwenye tramu alimkodolea macho kitindamimba vituo viwili vizima, mimi nimeshaandaa maneno. Akainuka, akamvuta kofia ikafunika masikio, akanigeukia mimi na kunigombeza kwa Kipolandi. Sikuelewa hata neno moja na nilielewa yote. Mama yangu angenigombeza hivyo hivyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Jumapili nyingi maduka makubwa karibu yote yanafungwa, ni sheria, kwa hiyo vitu vya mtoto nunua Jumamosi. Chakula, tafuteni bar mleczny, mkahawa wa bei poa. Pierogi ni sambusa iliyochemshwa. Waislamu wenzangu, zile za ruskie ndani ni viazi na jibini, lakini sema bez skwarek, maana wengine wanamwagia juu vipande vya mafuta ya nguruwe. Jioni nendeni Ostrów Tumski, mtaa wa kale wenye kanisa kuu, mzee wa joho jeusi anawasha taa za gesi moja moja kwa mkono. Kiangazi jua linachelewa kuzama, watoto watakuwa wamelala, Oktoba inafaa. Hala Stulecia tuliiona kwa mbali, imesimama. Mambo ya bajeti nilikuwa nayo, nimeyaruka.

Mnaoniuliza tuliviona vingapi: dada mtu anasema 37, mdogo anasema 38. Cha 38 ni bomba la zimamoto karibu na stesheni. Tumelipiga picha, na mdogo kasimama pembeni yake anacheka. Haya, maswali. Anza wewe mama wa kanga ya njano.