Muscat: halua kwanza, kahawa baadaye

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko Muscat, mji mkuu wa Oman, na sehemu kubwa ya kipindi ni halua, maana ndiyo msafiri anayoinunua kwa pupa.

HAMISI: Lakini dada Zuhura, halua si watu wa pwani wameizoea tangu utotoni?

ZUHURA: Mazoea hayo ndiyo yanayowaponza. Mtu anaingia sokoni Muttrah, anaona bakuli limefungwa, lozi zimepangwa juu kwa mstari, analipa na kuondoka. Hakuonja. Na wauza halua kule wanaonjesha, ukiomba kijiko hakuna atakayekununia.

HAMISI: Akionja, atazame nini?

ZUHURA: Kwanza aibonyeze kwa kidole. Halua iliyoiva inanesa na inang'aa, na kidole kinatoka na samli kidogo tu. Ikinatanata kama uji mzito, basi wanga haujaiva. Ukiitafuna inashika meno, na unausikia unga mbichi nyuma ya sukari. Halafu ainuse. Korosho zilizokaa sana zina harufu ya mafuta yaliyochacha, na maji ya waridi hayaifichi.

HAMISI: Makosa mengi yanatokea jikoni. Wanga unakorogwa kwanza kwenye maji baridi. Ukiutia kwenye maji ya moto unafanya madonge papo hapo, na hayo hayatoki tena. Sukari inachemka kwenye sufuria kubwa, wanga unamiminwa huku mwiko unazunguka, na kuanzia hapo mwiko hausimami kwa muda wa saa mbili hivi. Samli inaingia kidogo kidogo. Mpishi akipumzika hata kidogo, ya chini inashika, na ladha ya kuungua inaenea sufuria nzima.

ZUHURA: Zafarani, iliki na maji ya waridi huja mwishoni. Ukivitia mapema, harufu yote inakwenda na mvuke.

HAMISI: Utaona nyeusi na ya njano. Nyeusi imepikwa kwa sukari nyekundu, na ladha yake ni nzito zaidi. Kwangu mimi hiyo ndiyo halua.

ZUHURA: Hapo hatukubaliani, kaka. Anayeonja mara ya kwanza aanze na ya njano, ile ya zafarani, iliki ataisikia vizuri zaidi. Na nusu kilo inawatosha watu sita, kwa sababu halua ni nzito na haili mtu kushiba.

HAMISI: Tuje kwenye kahawa. Umekaribishwa barazani, halua au tende huletwa kwanza, kahawa inafuata.

ZUHURA: Na kuna sababu. Kahawa yao ni chungu, haina sukari, imetiwa iliki. Utamu ukiwa bado mdomoni, uchungu unausafisha na unatamani tonge jingine. Ukianza na kahawa, umeonja uchungu mtupu. Kikombe hupokewa kwa mkono wa kulia, na hakijazwi, kinatiwa kidogo ili kahawa isipoe. Ukitosheka, kitikise kidogo unapokirudisha. Usipokitikisa, mwenyeji ataendelea kumimina, maana hiyo ndiyo ishara anayoisubiri.

HAMISI: Jioni, baada ya magharibi, nenda kwa wachoma mishikaki. Na jina ni hilo hilo, wao wanasema mishkak. Nyama inakatwa vipande vidogo, inachomwa kwa makaa, inaliwa na mchuzi wa ukwaju. Chagua jiko lenye foleni, kwa sababu vipande vidogo vikikaa kando ya moto hukauka upesi.

ZUHURA: Kuna na mkate wa rakhal. Unga laini unapakwa kwa mkono juu ya bamba la chuma lenye moto, mwembamba kama karatasi, kisha yai au jibini juu yake, na asali. Uule hapo hapo. Ukiubeba hotelini, mvuke unaulainisha na ule ukavu wa pembeni unaotafunika unapotea.

HAMISI: Shuwa je?

ZUHURA: Shuwa halisi ni ya sikukuu. Nyama iliyopakwa viungo inafungwa kwenye majani ya mgomba, inashushwa kwenye shimo la makaa na kufunikwa kwa siku moja au mbili. Shimo lisipozibwa barabara hewa inaingia, makaa yanawaka upya, nyama inaungua. Ya mikahawani mara nyingi imepikwa kwenye oveni. Uliza kabla ya kuagiza, na unaweza kuuliza kwa Kiswahili, maana familia nyingi zilizotoka Unguja baada ya 1964 ziliishia Oman.

HAMISI: Saa za soko?

ZUHURA: Kwa kawaida mchana linafungwa, linafunguliwa tena alasiri. Ijumaa usiende asubuhi.

HAMISI: Na kuisafirisha halua?

ZUHURA: Iweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, maana kwenye mkoba wa mkononi huhesabiwa kama vitu vya majimaji na inaweza kuzuiwa. Chukua bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, lifunge ndani ya mifuko miwili, kwa sababu joto likipanda samli hutoka pembeni. Ukifika nyumbani usiitie kwenye friji, samli inaganda na halua inakuwa ngumu. Ikiwa imeshaganda, weka bakuli la chuma juu ya maji yanayochemka, tia kijiko cha maji ya waridi, ugeuze taratibu mpaka ianze kung'aa tena.