Mbegu ya Jikoni: Ipi Uitunze, Ipi Uinunue

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za asubuhi. Najua wengi wenu hapa Dar mna ua mdogo na viroba vichache vimepangwa ukutani, kwa hiyo leo sitazungumzia kilimo cha ekari. Nitazungumzia mbegu mnayoitoa kwenye tunda mlilokula. Kuna mbegu inayomrithi mama yake na kuna isiyomrithi, na ni vizuri kuijua kabla hujaimwagilia miezi sita.

Tuanze na nyanya. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Ukipanda Tanya au Tengeru 97, aina zilizotolewa Arusha mwaka 1997, mbegu zake zitakupa nyanya ileile. Lakini kuna chotara, mbegu za wazazi wa aina mbili tofauti, zile zenye alama ya F1 kwenye pakiti. Mbegu utakazozitoa humo huzaa mchanganyiko: mche huu mrefu, ule una matunda madogo, mwingine unakufa kwa ugonjwa ambao mama yake aliuhimili. Na nyanya ya sokoni haiji na pakiti yake. Ndiyo maana nasema mbegu ya kwanza inunue dukani, soma maandishi, halafu anza kutunza za kwako.

Chagua tunda lililoivia mtini, kwenye mche wenye afya. Likamulie kwenye glasi, uache siku mbili tatu. Litanuka na kufanya utando juu. Mkiishi na mama mkwe, wekeni nje. Ule ute unaoizunguka mbegu huizuia isiote ikiwa bado ndani ya tunda, na kule kuchacha ndiko kunakouondoa. Kisha osha: mbegu nzuri huzama, zinazoelea mwaga. Anika kivulini kwenye sahani. Ukianika kwenye karatasi zitaganda.

Papai nalo lina ute, kila punje kifuko chake. Zisugue kwenye chujio mpaka vifuko vipasuke. Hapo sasa ndipo penye kazi, maana kuna mipapai dume na jike, na anayekwambia anatambua jinsia kwa kutazama punje anakudanganya. Panda miche mitatu kwenye shimo moja, usubiri maua. Dume hutoa maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Ua la jike ni kubwa, limekaa karibu kabisa na shina. Ng'oa madume, bakiza mmoja tu kwa majike kama kumi. Kama jirani ana dume, huenda hata huo mmoja usiuhitaji.

Matango na maboga huchavushwa na nyuki wanaotoka kokote, kwa hiyo mbegu zake ni bahati nasibu kama kuna aina nyingine jirani. Mchicha hauna shida: changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, sia, mwagilia asubuhi. Kitalu kinacholala na maji usiku kinakaribisha kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche michanga, na asubuhi utakuta miche imelala chini. Kabichi na karoti zinunueni tu. Huhitaji baridi ya wiki kadhaa ndipo zitoe maua, na baridi hiyo Dar haipo. Mbegu za kitunguu msizilimbikize, kwani baada ya mwaka mmoja nyingi hazioti.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu parachichi la Hass. Kokwa litaota, tena vizuri, lakini halitakuzalia Hass. Miti yote ya Hass duniani imetokana, kwa kubebesha (yaani kuunganisha kikonyo, kijitawi cha mti mmoja, kwenye mche wa mwingine), na mti mmoja wa Rudolph Hass wa California, aliouwekea hataza mwaka 1935. Ukiliacha kokwa likue lenyewe utangoja miaka mingi, halafu upate tunda usilolijua. Mche ukifika unene wa penseli, mwite fundi aubebeshe kikonyo cha Hass.

Ndimu ni kinyume chake. Mbegu moja inaweza kutoa miche miwili hata mitatu, na mingi ni nakala ya mama. Kwa hiyo ndimu panda mbegu bila wasiwasi, ila uwe na subira ya miaka kadhaa. Haya, nani mwingine ana swali?