Ofisi ya wilaya iko kwa jirani: Mid Suffolk, Babergh na madiwani wa Kijani

ZUHURA: Haya jamani karibuni, tuko wawili kama kawaida, mashariki mwa Uingereza kaunti ya Suffolk, Baraka wa Stowmarket huyo, wilaya ya Mid Suffolk, na mimi niko kwangu Hadleigh, wilaya ya jirani ya Babergh, na leo nina mambo matatu nimeyaandika hapa kwa karatasi kuhusu uchaguzi wa wilaya. Lakini kwanza, nasikia wiki hii ulienda kwenye kikao?

BARAKA: Nilienda da Zuhura. Kikao cha baraza zima la madiwani wa Mid Suffolk, mwananchi yeyote anaingia anakaa anasikiliza, huulizwi we nani wala unatoka wapi. Nikapanda treni Stowmarket nikashuka Ipswich...

ZUHURA: Ngoja ngoja. Kikao cha Mid Suffolk umekifuata Ipswich?

BARAKA: Ndiyo. Endeavour House, barabara ya Russell.

ZUHURA: Ipswich si Mid Suffolk lakini.

BARAKA: Hata kidogo! Ipswich ni wilaya nyingine na halmashauri yake mwenyewe. Mid Suffolk ofisi yao zamani ilikuwa Needham Market, ndani ya wilaya kabisa, 2017 wakahamia kwenye jengo la kaunti, ile ngazi iliyo juu ya wilaya. Na nyie Babergh mkatoka hapo Hadleigh mkahamia humohumo.

ZUHURA: Wallahi sikujua mko nasi jengo moja. Ile ofisi ya zamani ya Corks Lane naipita nikienda kutembea.

BARAKA: Sasa sikia, ukitoka nje ya Endeavour House, barabara hiyohiyo kuna Grafton House, ndio halmashauri ya Ipswich. Kwa hiyo hesabu: kaunti ya Suffolk, Ipswich, Babergh, Mid Suffolk. Halmashauri nne, barabara moja!

ZUHURA: Ukiita "mheshimiwa" kwa sauti wanageuka wote.

BARAKA: Mtu wa Morogoro mimi hii naijua. Halmashauri ya wilaya ya Morogoro miaka yote ilikuwa na ofisi mjini, ambako ni halmashauri nyingine, mpaka 2019 Magufuli akaagiza zote zilizo nje ya maeneo yao zihamie kwao, ndio wakaenda Mvuha. Nimekaa pale Ipswich naiwaza Mvuha tu.

ZUHURA: Haya, umeketi. Umeona nini?

BARAKA: Nimeona kitu kilichonigusa kweli. Madiwani wa chama cha Kijani, Green Party, wale wa mazingira, wamejaa. Watu hawajui hii habari, Mei 2023 Kijani walishinda viti 24 kati ya 34, Conservative wakabaki na 6, Liberal Democrats 4, Labour hawana hata kimoja. Ndio ilikuwa halmashauri ya kwanza Uingereza ambayo Kijani wana wingi wao wenyewe bila kumtegemea mtu. Na hapa ni mashamba na vijiji, ngano na shayiri, watu wangekwambia Kijani ni chama cha wasomi wa mjini.

ZUHURA: Na siku hiyohiyo wakapoteza Brighton, mji wao kabisa, Labour wakauchukua.

BARAKA: Siku hiyohiyo! Ndio maana nasema haikuwa upepo wa nchi nzima. Huku walijenga kata kwa kata. 2019 Conservative walipata 16, Kijani 12, yaani Conservative hawakuvuka nusu ila wakaendelea kuongoza, miaka minne baadaye wakaanguka. Na 2024 jimbo la Waveney Valley, ambalo limechukua vijiji vyetu vingi vya kaskazini, likampeleka bungeni Adrian Ramsay wa Kijani.

ZUHURA: Na kura yako wewe?

BARAKA: Kura ni siri dada. Lakini nilipiga, kwa pasipoti ya Tanzania. Ile 2023 ndio walianza kudai kitambulisho cha picha, yule mama mezani akaifungua akatazama picha akanitazama akanipa karatasi. Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa ya kuishi hapa anapiga, na Wakenya mnapiga.

ZUHURA: Hiyo ilikuwa namba moja kwa karatasi yangu, umeila! Haya namba mbili, wilaya inafanya nini na kaunti inafanya nini.

BARAKA: Wilaya ni takataka, vibali vya ujenzi, nyumba za halmashauri, kukusanya ile kodi ya halmashauri. Kaunti ni shule, barabara, kulea wazee...

ZUHURA: Takataka wilaya inakusanya tu, kuteketeza ni kazi ya kaunti. Na tanuri lao liko wapi? Great Blakenham!

BARAKA: Mid Suffolk!

ZUHURA: Ehe! Kaunti ofisi yake Ipswich, moto wake kwenu. Nyie ofisi yenu Ipswich, pipa lenu ndio pekee limebaki nyumbani.

BARAKA: Da Zuhura nihurumie.

ZUHURA: Hapana lakini sasa nakuja kwa jambo linaloniuma, na hapa sicheki. Hizi wilaya mbili zilizaliwa pamoja Aprili 1974, kwa ile sheria ya 1972 iliyovunja mabaraza madogo ya zamani. Sisi tukaunganishwa Sudbury na Hadleigh na vijiji, nyie Stowmarket na Eye na vyenu. Halafu Mei 2011 wakatuuliza kwa kura ya maoni, mnataka kuwa wilaya moja? Mid Suffolk wakasema ndiyo. Babergh tukasema hapana. Ikaisha?

BARAKA: Haikuunganishwa.

ZUHURA: Haikuunganishwa kwa jina! Mtendaji mkuu mmoja, makarani walewale, jengo moja. Tulisema hapana tukapewa ndiyo kwa mlango wa nyuma.

BARAKA: Hapo sikubali. Mliulizwa habari ya baraza, na baraza lenu mnalo. Tazama siasa zenu na zetu, sisi Kijani tupu, nyie hakuna chama chenye wingi, mnaongozwa na Kijani na wagombea binafsi na Liberal Democrats kwa pamoja. Kama mngekuwa mmeunganishwa ingewezekanaje? Karani ni karani, anatekeleza alichopitisha diwani.

ZUHURA: Karani ndiye anamwandikia diwani ripoti ya kusoma! Anayemwandikia wa Babergh asubuhi ndiye anamwandikia wa Mid Suffolk jioni, unadhani maneno yatatofautiana?

BARAKA: Yametofautiana, maamuzi ni tofauti. Na huku angalau mtendaji mkuu anaajiriwa na madiwani, kwetu Tanzania mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na rais. Pesa inayookolewa kwa kutumia jengo moja si inarudi kwenu?

ZUHURA: Sikuuliza pesa. Nilipigiwa hesabu ya pesa na wakati ule. Mtu akikwambia hapana, ni hapana.

BARAKA: Alikataa nini hasa? Soma swali.

ZUHURA: Mzee wa pale sokoni Sudbury aliyepiga kura hakuwa anatenganisha baraza na karani, Baraka! Alikuwa anasema tuacheni tulivyo.

BARAKA: Kura haihesabu alichokuwa anawaza.

ZUHURA: Basi hapo tumeachana.

BARAKA: Tumeachana kweli. Na hata hivyo Desemba 2024 serikali ilitangaza inataka kufuta hizi ngazi mbili zote, kaunti ikapendekeza Suffolk nzima iwe halmashauri moja, wilaya zikapendekeza tatu, uchaguzi wa kaunti wa 2025 ukaahirishwa...

ZUHURA: Hiyo ndiyo ilikuwa namba tatu yangu, nusu saa nzima nimeiandalia! Na saa yangu hapa inasema tumebakiza dakika moja.

BARAKA: Tuiguse kidogo.

ZUHURA: Haiguswi kidogo hiyo, tuiache kabisa, na ile namba mbili hatukuimaliza, nani anashughulikia mashimo ya barabarani hatujasema.

BARAKA: Kaunti.

ZUHURA: Kaunti. Haya kwaherini jamani, mlio Babergh niandikieni mimi.

BARAKA: Na swali la 2011 mlisome kwanza kabla ya ku...

ZUHURA: Kwaherini!